Mchezo Ukiganda, Tazama Foleni ya Nyumbani

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wengi hulihesabu kuwa la kitoto, yaani michezo ya simu na kompyuta inayochezwa kwenye mtandao. Najua wapo watakaotaka kuzima redio. Nawasihi wavumilie kidogo, kwani jambo lenyewe linagusa mfuko wa nyumba na, kama tutakavyoona, halikomei kwenye mchezo.

Twende hadi mkoani Mara, katika wilaya mbili zilizo jirani: Tarime, inayopakana na Kenya, na Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu. Huko, kama ilivyo katika miji yetu mingine, kijana aliyezoea kibanda cha gemu anajua raha yake. Wawili huketi mbele ya televisheni moja, kila mmoja na padi yake mkononi. Ukibonyeza kitufe, mchezaji wako anapiga mpira hapo hapo. Lakini siku hizi kijana wa Tarime hucheza akiwa nyumbani kwao, na mpinzani wake yuko Dodoma, au Mombasa, au katika mji ambao hatauona maishani. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Anapiga shuti, mpira hauondoki. Picha inasimama. Ikizinduka, tayari amefungwa. Katika ile michezo ya kulengana bunduki, kijana amekwisha kujificha nyuma ya ukuta, mara anaambiwa amekufa. Vijana husema mchezo umeganda.

Mshitakiwa wa kwanza huwa ni mnara. "Sisi wa mpakani tumesahauliwa," utasikia. Wa pili ni kampuni ya simu. Baada ya lawama hutafutwa dawa, nayo karibu kila mara ni ile ile: kununua kifurushi kikubwa zaidi, au kulipia kasi kubwa zaidi. Fedha zinatoka, na jioni mchezo unaganda kama jana.

Kwa nini? Kwa sababu kasi ya mtandao ni jambo moja, na kuchelewa kwa ujumbe ni jambo jingine. Tunaonunua cha kwanza ili kiponye cha pili, tunanunua dawa ya tumbo kwa maumivu ya jino.

Wanaoijua ngoma ya Wakurya watanielewa upesi. Mpiga litungu akigusa nyuzi, mchezaji hukanyaga ardhi pamoja na mlio. Sasa tufanye kwamba mlio unamfikia mchezaji ukiwa umechelewa nusu sekunde. Je, tukiongeza sauti ya litungu mara kumi, mguu utakanyaga kwa wakati? Hautakanyaga. Sauti itakuwa kubwa, na uchelewaji utabaki pale pale.

Mchezo wa mtandaoni ni ngoma ya namna hiyo. Kila unapobonyeza, ujumbe mdogo unatoka kwenye simu au kompyuta yako kwenda kwenye kompyuta kubwa inayouendesha mchezo, iitwayo seva, kisha jibu linarudi. Muda wa kwenda na kurudi huitwa pingi, nao hupimwa kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 ndizo sekunde moja. Pingi ya chini ya 50 ni raha. Ikifika 100, michezo mingi bado inachezeka. Ikipita 200, mchezaji anaanza kuona mateso. Na mbaya kuliko zote ni pingi inayorukaruka, sasa 60, punde 400, kwa maana mwili hauwezi kuizoea.

Ujumbe wenyewe ni mdogo sana. Michezo mingi, ikiwa inachezwa, haihitaji hata megabiti moja kwa sekunde. Kinachokula data ni kupakua mchezo mpya na marekebisho yake, ambayo huweza kufika gigabaiti kadhaa. Kwa hiyo anayenunua kasi ya megabiti 20 ili mchezo wake usigande, anapanua barabara kwa ajili ya baiskeli moja.

Ndugu wasikilizaji, sasa tupime umbali, maana umbali ndio kisingizio kikubwa cha watu wa mikoani. Mwanga ndani ya waya wa kioo wa mkongo husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Tarime hadi Dar es Salaam ni kilomita 800 na ushei kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,600, yaani milisekunde 8 tu. Hata ukiongeza mizunguko ya njia na mitambo ya katikati, umbali wa Tarime na Dar peke yake hauwezi kumfungisha mtu goli. Mawimbi ya simu kutoka nyumbani hadi mnarani huongeza milisekunde makumi kadhaa kwa mtandao wa 4G, na zaidi ya hapo kwa 3G. Kutoka Dar hadi Marseille, Ufaransa, ambako hufikia mojawapo ya mikongo yetu ya baharini, ni zaidi ya kilomita 6,500 kwa mstari wa ndege. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 65, na kwa njia halisi ya baharini ni zaidi.

Jumlisha yote hayo. Kijana wa Mugumu anayecheza kwenye seva ya Ulaya akipata pingi ya 180 au 200, hiyo ni haki ya jiografia. Lakini akipata 700 saa mbili usiku, huku saa kumi alfajiri akipata 190 kwa seva ile ile, zile 510 za ziada hazikuletwa na bahari. Ni foleni iliyozifanya, na mara nyingi foleni hiyo iko ndani ya nyumba yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Foleni hiyo inafanyikaje? Chukueni mfano wa pale Sirari, mpakani. Tuseme malori arobaini yamepanga mstari mmoja, na nyuma yao amefika mwendesha pikipiki mwenye barua moja mfukoni. Barua haina uzito, wala ushuru wake hauhitaji hesabu. Lakini kama mstari ni mmoja na hakuna askari wa kumpisha, atasubiri malori yote arobaini. Kuipanua barabara ya kutoka Tarime mjini hadi Sirari hakutamsaidia, kwani malori yatafika upesi zaidi na kusimama pale pale kwenye lango.

Lango la nyumbani ni ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa waifai. Malori ni picha na video zinazopanda kutoka kwenye simu za nyumbani kwenda kuhifadhiwa mtandaoni, programu zinazojirekebisha zenyewe, na filamu inayotazamwa sebuleni. Pikipiki ni ule ujumbe mdogo wa mchezo. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa njia yako ya kupakia ni ya megabiti 2 kwa sekunde, na ndani ya ruta zimepanga foleni kilobaiti 250 tu, ujumbe unaofuata utangoja sekunde nzima. Na picha moja ya simu za leo huwa kubwa kuliko kilobaiti 250 mara nyingi.

Tatizo hili si la Mara peke yake, wala si la nchi maskini. Mwezi Oktoba 1986, huko California, Marekani, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, majengo yaliyoachana kwa yadi 400 hivi, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilikuwa ikisukuma ujumbe bila kujali foleni iliyo mbele. Mtaalamu Van Jacobson alichapisha dawa yake mwaka 1988: kompyuta inayotuma ipunguze mwendo inapoona ujumbe umepotea njiani. Dawa hiyo ndiyo iliyouokoa mtandao.

Lakini baadaye kumbukumbu za mitambo zilikuwa rahisi kwa bei, na watengenezaji wa ruta wakaziweka nyingi, wakidhani kwamba kutunza kila ujumbe ni wema. Ujumbe usipopotea, mtumaji hajui kwamba kuna foleni, hivyo anaendelea kusukuma. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys, naye wa Marekani, aliligundua jambo hili akiwa nyumbani kwake. Kila alipotuma faili kubwa, pingi ilipanda hadi zaidi ya sekunde moja, ingawa alilipia mtandao wa kasi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa utaratibu mpya wa kuzisimamia foleni, uitwao CoDel, na mwezi Januari 2018 utaratibu uliojengwa juu yake, FQ-CoDel, ukachapishwa katika mfululizo wa nyaraka za kanuni za intaneti. Kazi yake ni ile ya askari wa pale Sirari: mwenye barua apite, na malori yaambiwe yasije yote kwa mpigo.

Je, mwenye nyumba wa Tarime au Mugumu afanye nini? Nitayataja kwa mpangilio, na ninashauri yafuatwe kwa mpangilio huo huo.

Kwanza, pima kabla ya kulaumu. Tazama pingi ya mchezo wakati nyumba nzima imelala, uiandike. Kisha itazame wakati simu moja inapakia video mtandaoni. Ikiwa ya kwanza ni 90 na ya pili ni 600, mgonjwa wako ni foleni ya nyumbani. Ikiwa zote mbili ni 600, hata ukikaa karibu kabisa na ruta, basi tatizo liko nje, na hapo una haki ya kwenda kwa kampuni ukiwa na tarakimu mkononi badala ya hasira.

Pili, toa waifai kwenye lawama. Waifai ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini hugombaniwa na majirani, na hata jiko la maikrowevu huivuruga. Ile ya gigahezi 5 ni tulivu zaidi, ila haipendi kuta nene za matofali ya kuchoma. Anayecheza katika chumba kimoja na ruta atumie ya 5. Anayelazimika kutumia 2.4 achague chaneli ya 1, 6 au 11, ile isiyotumiwa sana na jirani. Mwenye kompyuta au mashine ya gemu aunganishe kwa waya wa ethaneti. Mita chache za waya zinaweza kumfaa kuliko kifurushi cha mwezi.

Tatu, angalia mahali pa ruta. Nyumbani kwetu wengi, ruta ni ya kuweka laini ya simu, nayo inasikiliza mnara. Kuificha nyuma ya friji au chini ya meza, ndani ya nyumba ya bati yenye milango ya chuma, ni kuiziba masikio. Iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnarani. Kwa walio mpakani kuna jambo la ziada: laini yaweza kushika mnara wa upande wa Kenya, kwa hiyo chagueni mtandao wenu wenyewe kwa mkono katika mipangilio.

Nne, panga foleni. Chini ya ruta pamebandikwa anwani yake, aghalabu 192.168.0.1, au 192.168.1.1, au 192.168.8.1, pamoja na neno la siri la kuingilia. Ukiingia, kazi ya kwanza ni kulibadili neno hilo, maana lililowekwa kiwandani laweza kujulikana na kila mtu. Badili pia neno la siri la waifai na uhakikishe limelindwa kwa WPA2 au WPA3. Pengine baadhi ya malori kwenye foleni yako ni ya jirani. Kisha tafuta mahali palipoandikwa QoS au SQM. Hapo ruta itakuuliza kasi ya njia yako. Usiandike ile ya kwenye tangazo. Pima mwenyewe saa za jioni, kisha andika kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya ulichopata, kwa kupakia na kwa kupakua.

Najua wengi watashangaa: nimelipia kasi, nawe waniambia niipunguze? Ndiyo. Ukiipunguza kidogo, foleni itakaa ndani ya ruta yako, ambako una askari, badala ya kukaa kwenye mitambo ya mbali ambako huna amri. Unatoa sehemu ndogo ya kasi, unapata mchezo usioganda. Nakiri kwamba kwa laini za simu kasi hupanda na kushuka kila saa, kwa hiyo kipimo cha leo hakitafaa milele. Rudia kupima mara kwa mara.

Tano, kwa wale ambao ruta yao haina mipangilio hiyo, na nyingi za bei ya chini hazina, ipo njia ya kibinadamu. Zima kujirekebisha kwa programu wakati wa mchana. Picha za simu ziamriwe kupakiwa usiku wa manane. Aidha fundi mwenye ujuzi anaweza kuweka katika ruta fulani programu ya bure iitwayo OpenWrt, yenye utaratibu wa FQ-CoDel. Lakini asiyejua asijaribu, kwani ruta inaweza kufa mkononi mwake.

Ndugu wasikilizaji, pamoja na hayo ni lazima niseme yale ambayo ruta haiwezi. Kabla ya mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za nje ilipita kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 angani, na kwenda na kurudi kulikula karibu nusu sekunde hata kama foleni haikuwepo. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, tulivuka ng'ambo nyingine. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo, anayekesha akigeuza mipangilio ya ruta anapoteza usingizi wake bure.

Kwa hiyo jihadharini na wauzaji wa miujiza. Wapo wanaotangaza programu za "kushusha pingi", nyingi zikiwa ni VPN, yaani njia ya kupitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Mara chache njia hiyo huwa fupi kuliko ya kawaida. Mara nyingi ni kuzunguka. Tena mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kwake. Kijana asiingie katika matatizo ya sheria kwa kununua dawa isiyoponya. Afadhali achague, ndani ya mchezo wenyewe, seva iliyo karibu zaidi. Tangu makampuni makubwa ya kukodisha kompyuta yafungue vituo Afrika Kusini miaka ya 2019 na 2020, baadhi ya huduma zimesogea kwetu kuliko zilipokuwa Ulaya peke yake.

Nilisema mwanzoni kwamba jambo hili halikomei kwenye mchezo. Foleni inayomfungisha kijana magoli ndiyo hiyo hiyo inayokata sauti ya mwanafunzi wa Mugumu anayehojiwa kwa ajili ya kazi kupitia video. Ndiyo inayomfanya mganga wa wilayani asimsikie vizuri daktari bingwa anayempa ushauri kutoka hospitali ya rufaa. Ndiyo inayomwudhi mwenye nyumba ya wageni karibu na Hifadhi ya Serengeti pale mgeni anapompigia kutoka ng'ambo na maneno yao yanagongana. Wote hao hawahitaji barabara pana sana. Wanahitaji ujumbe wao mdogo upite kwa wakati.

Wazazi nao nawaomba wasiwe wepesi wa kutoa hukumu. Katika nyumba nyingi, mtandao ukiwa mzito, baba hupiga kelele kwamba ni magemu ya watoto. Pengine ni kweli watoto wanacheza kupita kiasi, na hilo lina mazungumzo yake. Lakini kwa upande wa foleni, mtoto ndiye mwenye pikipiki. Mwenye malori huenda ni baba mwenyewe, ambaye simu yake inapakia video zote za harusi ya juzi bila yeye kujua.

Mwisho niseme na wanaotuuzia huduma. Matangazo yenu hutaja kasi na ukubwa wa kifurushi. Tutajieni na uchelewaji, tena ule wa saa za jioni nyumba inapotumia mtandao kwa pamoja. Tuleteeni ruta ambazo utaratibu wa foleni umekwisha kuwashwa kiwandani, na mafundi wenu watumie dakika kumi kumwonyesha mteja wapi pa kubadili neno la siri na wapi pa kupanga QoS. Dakika hizo kumi ni nafuu kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Nanyi mlioko Tarime, Mugumu na kwingineko, kabla ya kwenda dukani kuongeza kifurushi, pimeni pingi mara mbili: nyumba ikiwa imelala, na nyumba ikiwa macho. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo itakayowaambia kama fedha yenu inahitajika au inatakiwa ibaki mfukoni.